Kocha, Refa na Mtoto Aliye Mkekani: Vidokezo vya Msimu wa Mieleka

Baridi ikiingia Marekani, msimu wa mieleka ya watoto nao huanza. Kuanzia Novemba hadi Machi, kumbi za shule za Iowa, Ohio na Pennsylvania hujaa kila Jumamosi. Mikeka imetandazwa ukumbi mzima, filimbi zinalia kila upande, wazazi wamebanana kwenye majukwaa. Miaka hii majina ya kwetu yanasikika kwenye vipaza sauti vya kumbi hizo. Familia za Kikongo, za Burundi, Kenya na Tanzania zilizohamia Cedar Rapids, Iowa City au Des Moines zimekuta watu wanaouthamini mchezo huu kama sisi tunavyouthamini mpira. Iowa ndiko alikozaliwa Dan Gable, aliyetwaa dhahabu ya Olimpiki mjini Munich mwaka 1972 bila mpinzani yeyote kumfunga hata pointi moja.

Lakini kuna jambo linaloharibu Jumamosi nyingi: kocha na refa kurushiana maneno huku mtoto wa miaka tisa amesimama kati yao, hajui amwangalie nani. Vidokezo hivi nimewaandikia makocha wa kujitolea, na wazazi wanaokalia kiti cha kocha kwa mara ya kwanza. Msimamo wangu ni kwamba sheria za mieleka zimempa kocha njia ya kumtetea mtoto wake. Anayeijua njia hiyo hana haja ya kupandwa na mori.

1. Jua ni mieleka ipi inayochezwa

Makocha wetu waliowahi kucheza nyumbani wengi walifundishwa mtindo wa kimataifa, ule wa Olimpiki. Shule za Marekani zina mtindo wao wenyewe. Katika mtindo huru wa kimataifa, ukimsukuma mwenzako nje ya duara unapata pointi 1. Shuleni hupati kitu. Mnarudishwa katikati mnaanza upya. Kimataifa, ukimbiringisha mpinzani hata mgongo wake ukaelekea mkeka, pointi 2 zinaingia papo hapo. Shuleni lazima umshikilie hapo kwa angalau sekunde 2, refa akihesabu kwa mkono. Kocha anayesubiri pointi ambayo sheria za hapa hazina atamwona refa mwizi kutwa nzima.

Hata aliyekulia kwenye mtindo wa shule inampasa asome upya. Tangu msimu wa 2024-25, shirikisho la michezo ya shule za sekondari za Marekani, NFHS, limepandisha thamani ya kumwangusha mpinzani kutoka pointi 2 hadi 3. Pointi za kumweka mpinzani karibu na chali nazo sasa zinafuata hesabu ya refa: sekunde 2 ni pointi 2, sekunde 3 ni pointi 3, sekunde 4 ni pointi 4. Mashindano ya watoto wadogo mara nyingi hufupisha raundi na kuongeza makatazo yake, kwa hiyo waulize waandaaji asubuhi, kabla hujashika hata chupa ya maji.

2. Tenganisha jicho na kitabu

Ukisahau mengine yote, hiki kishike.

Refa hufanya maamuzi ya aina mbili. Kuna yale ya jicho: mabega yamegusa mkeka au hayajagusa? Mtoto anakwepa pambano au amezidiwa nguvu tu? Alikuwa amemdhibiti mwenzake kabla hawajatoka nje ya duara? Haya refa anayaamua kwa alivyoona kutoka pale aliposimama, na sheria haikuruhusu kuyapinga. Unaweza kuwa umeona vizuri kuliko yeye, na bado huna pa kwenda.

Kisha kuna yale ya kitabu. Akishaona alichokiona, sheria inasema kitolewe nini? Hapo refa akikosea, una haki ya kusikilizwa.

Tuchukue mfano. Refa anapiga mkeka kuonyesha kwamba mtoto wako amelazwa chali na pambano limekwisha. Ukimwambia "mabega hayakugusa", unabishana na jicho lake, na jibu unalijua. Lakini ukimuuliza mabega yalibanwa kwa sekunde ngapi, naye akakujibu "moja", suala limehamia kwenye kitabu. Shuleni zinatakiwa sekunde 2. Sekunde 1 ni sheria ya vyuo vikuu, na wapo marefa wanaochezesha shule na vyuo katika msimu huo huo. Kuchanganya kunawezekana kabisa, bila hila yoyote.

Mfano mwingine ni wa kukwepa pambano. Adhabu zake shuleni zina mpangilio: kwanza onyo, kisha pointi 1 kwa mpinzani, kisha pointi 1 tena, kisha pointi 2, na kosa la tano mtoto anatolewa mchezoni. Refa akitoa pointi 2 mapema, hilo ni kosa la kitabu na linarekebishika. Kama wewe huoni kwamba mtoto alikuwa anakwepa, hilo ni la jicho. Limezee, mwambie mtoto asonge mbele.

Nimeona makocha wazuri, wenye moyo, wakipoteza hoja halali kwa sababu walianza na ya jicho. Refa akishasikia unabishana na macho yake, anafunga masikio, na ile hoja ya kitabu uliyokuwa nayo mfukoni inakufa nayo.

3. Nenda mezani, usiende mkekani

Kiti cha kocha kina mipaka yake. Ukitaka kuhoji utumiaji wa sheria, njia yako ni kwenye meza ya waandika pointi. Unafika pale kwa utulivu, unaomba pambano lisimamishwe, refa anasubiri wakati ambapo hakuna tendo la maana linaloendelea, anasimamisha saa, anakuja. Mnazungumza mbele ya meza, wawili ninyi. Watoto wanabaki mkekani.

Usichelewe. Watoto wakishapeana mikono na kuondoka mkekani, huenda mlango wa kurekebisha umeshafungwa.

Njia hii ina gharama, na hiyo ndiyo sababu ya kuipima kabla ya kuinuka. Chini ya sheria za NFHS, ukimwita refa mezani na ikaonekana alikuwa sahihi, mara ya kwanza unapewa onyo. Mara ya pili timu yako inakatwa pointi 1. Mara ya tatu inakatwa pointi 2 na wewe unatolewa ukumbini kwa siku hiyo. Matusi na dharau vina adhabu kali zaidi: hapo hakuna onyo, pointi inakatwa tangu kosa la kwanza. Angalia nani anakatwa pointi. Ni timu, yaani watoto. Kuna vijana walioshinda mapambano yao kwa jasho, wakapoteza mchezo wa siku kwa pointi moja ya mdomo wa kocha.

Kwenye mashindano ya kimataifa njia ni nyingine: kocha anarusha sifongo mkekani kuomba uamuzi utazamwe kwenye video. Akikosea, mpinzani anapewa pointi 1 na haki ya kuomba tena inaisha kwa pambano hilo. Sheria hiyo ina kipengele ninachokipenda: mcheza mieleka mwenyewe anaweza kukataa ombi la kocha wake na pambano likaendelea. Anayejua kama mgongo wake uligusa ni yeye.

4. Uliza, usitangaze

"Refa, hiyo pointi umeitoa kwa kosa gani?" Sentensi hiyo inafungua mazungumzo. "Refa, unatuibia!" inayafunga. Mwite refa kwa cheo chake hata kama ni kijana wa miaka kumi na saba, na kwenye mashindano ya watoto mara nyingi ni kijana wa umri huo, anayecheza mieleka shuleni na kuchezesha wadogo zake wikendi. Umri wako usiufanye fimbo. Nyumbani kijana angekuamkia na kukunyamazia, lakini akiwa na filimbi shingoni kazi yake ni kuamua, na anahitaji kuifanya bila kukuogopa.

5. Uso wako ndio anaousoma mtoto

Mtoto akifungwa pointi ambayo haelewi imetokea wapi, kitu cha kwanza anachofanya ni kugeuza shingo kumtafuta kocha wake. Akikukuta umerusha mikono juu, anapata jibu kwamba pambano limekwisha na ameonewa. Akikukuta umemnyooshea kidole katikati ya duara, anarudi kazini. Saa haijasimama. Watoto wengi hupigwa mwereka wa pili wakati wanamtazama kocha akilalamikia ule wa kwanza.

Wakubwa nao wamewahi kutuonyesha jinsi mambo yanavyoharibika. Agosti 2016 mjini Rio de Janeiro, Ganzorigiin Mandakhnaran wa Mongolia alikuwa akiongoza katika pambano la medali ya shaba. Sekunde za mwisho akaanza kushangilia na kumkimbia mpinzani wake, akaadhibiwa kwa kukwepa pambano, na medali ikaenda kwa Ikhtiyor Navruzov wa Uzbekistan. Makocha wake wawili wakavua nguo mkekani kupinga, dunia nzima ikitazama. Shirikisho la mieleka la dunia likawafungia miaka mitatu. Leo ukimtaja kijana yule, watu wanakumbuka makocha waliovua nguo. Jinsi alivyopambana hadi kufikia hatua hiyo hakuna anayesimulia.

Miaka mitano baadaye, kwenye michezo ya Tokyo, Murad Gaidarov, kocha wa Deepak Punia wa India, alimfuata refa baada ya pambano la shaba na kumshambulia. Alifukuzwa kwenye michezo. Gaidarov hakuwa mgeni wa mchezo huu; yeye mwenyewe alitwaa medali ya Olimpiki mjini Beijing mwaka 2008. Ujuzi wa mieleka peke yake haumzuii mtu kufanya hivyo. Zoezi linatakiwa. Amua tangu nyumbani utafanya nini uamuzi mbaya ukija: utakaa, utakunja mikono, utavuta pumzi, utamwambia mtoto neno moja la kazi. Chagueni neno hilo pamoja kwenye mazoezi.

6. Kiswahili chako kinasikika

Wazazi wetu hudhani wakifoka kwa Kiswahili, refa hatajua. Refa hajui maneno, ni kweli, ila sauti, kidole na kusimama kwako anavielewa vizuri sana. Katika nyumba nyingi za kwetu kupaza sauti si ugomvi, ni namna ya kuongea tu. Ukumbini Iowa kitu hicho hicho kinasomwa kama tishio, na ukiwa mtu mweusi mwenye kifua kipana kinasomwa hivyo haraka zaidi. Si haki. Nakwambia ili ujiandae, maana anayelipa ni mtoto.

Na yupo mtu mmoja ukumbini anayeelewa kila neno ulilomtukania refa. Ni mwanao.

7. Kwa shingo na kichwa, paza sauti

Hapa nakupa ruhusa kamili. Ukiona shingo inapindwa, bega linavutwa mahali lisipokwenda, au mtoto ameinuliwa juu kwa namna itakayomtua kwa kichwa, piga kelele: "Refa, shingo!" Refa ana mamlaka ya kusimamisha mkao wowote unaoweza kuumiza hata kabla haujawa kosa, na marefa wengi hushukuru kuonywa kutoka upande ambao wao hawauoni.

Mtoto akigongwa kichwa na kuonyesha dalili za mtikisiko wa ubongo, mathalani kuduwaa, kuyumba, kusahau yuko wapi, sheria inamtaka atoke na asirudi mpaka mtaalamu wa afya anayetambulika amruhusu. Refa akimtoa, usibishe, hata kama ni fainali. Wala usimfundishe mtoto kujibu "niko sawa".

8. Maliza mambo ya nywele asubuhi

Kidokezo hiki kinawahusu watoto wetu kuliko wengine, kwa hiyo nitakaa nacho kidogo.

Kabla ya mapambano kuanza, refa hukagua ngozi, kucha, viatu na nywele. Desemba 2018, huko Buena, New Jersey, kijana mweusi wa sekondari aliambiwa na refa kwamba rasta zake na kifuniko alichovaa havikubaliki. Alipewa sekunde 90 achague: akatwe nywele au apoteze pambano. Akakatwa pale pale, ukingoni mwa mkeka, mbele ya watu, kwa mkasi. Kisha akaingia na kushinda katika muda wa nyongeza. Video yake ilizunguka dunia nzima na wengi wetu tuliitazama kwa uchungu. Uchunguzi wa idara ya haki za kiraia ya jimbo uliishia mwaka 2019 kwa makubaliano yaliyomweka refa huyo nje kwa misimu miwili na kuwataka marefa na viongozi wa mieleka wa jimbo wapate mafunzo kuhusu ubaguzi. Baadaye NFHS ikaondoa kabisa kikomo cha urefu wa nywele, kuanzia msimu wa 2021-22.

Kinachokatazwa sasa ni vitu vigumu au vinavyokwaruza: shanga, vibanio, pini. Binti akija na misuko yenye shanga mwishoni, refa atakuwa sahihi kumrudisha, na utabaki ukifungua shanga kwa vidole vinavyotetemeka huku jina lake likiitwa. Zifungueni Ijumaa usiku.

Asubuhi mpeleke mtoto kwenye ukaguzi wewe mwenyewe. Kama refa ana shaka na nywele zake, aiseme saa hiyo, mbele yako, akutajie kifungu cha sheria, na mkurugenzi wa mashindano aitwe. Mtu yeyote asimguse mtoto kichwani kwa mkasi. Ikibidi kuchagua kati ya pambano na utu wake, mtoe mtoto, chukua jina la mashindano na saa ya tukio, kisha lipeleke suala kwenye chama cha michezo cha jimbo. Huo ni ugomvi wa halali, na nakuomba uupiganie mpaka mwisho.

9. Wape watoto filimbi mazoezini

Mara moja kwa wiki, mtoto mmoja acheze, mwingine achezeshe. Mwambie alale kifudifudi, shavu karibu na mkeka, aangalie kama mabega ya mwenzake yamegusa huku mkono mmoja ukihesabu sekunde na jicho lingine likiutazama mstari wa duara. Wafundishe na ishara. Refa wa shule anavaa utepe mwekundu mkono wa kushoto na wa kijani mkono wa kulia; anainua mkono wa rangi ya aliyepata pointi na kuonyesha vidole. Mtoto anayezijua ishara hizi hahitaji kumgeukia kocha ajue kilichotokea.

Siku nyingine toa uamuzi mbovu kwa makusudi, bila kuwaonya, uone nani anaendelea kucheza. Zungumzeni baadaye. Watoto hulipenda zoezi hili, na hulikumbuka siku linapotokea kweli.

10. Refa, nawe sikiliza

Onyesha ishara zako wazi na uzishikilie kidogo, kocha azione. Ukiulizwa kistaarabu mezani, jibu kwa sheria, usijibu kwa cheo. Ukikosea kitabu, rekebisha; heshima yako itapanda ukumbi mzima. Na usimhukumu kocha kwa lafudhi yake.

11. Malalamiko mazito yaandikwe, tena kesho

Klabu nyingi za Marekani zina desturi ya saa 24: hakuna mzazi wala kocha anayepeleka lalamiko kabla siku haijapita. Ifuate. Andika nusu ukurasa: tarehe, mkeka namba ngapi, raundi ipi, kilichotokea, sheria unayodhani ilivunjwa. Acha sifa mbaya za refa, acha hadithi za msimu uliopita. Video ya simu yako kwa kawaida haiwezi kubadilisha matokeo ya siku ile, lakini inaweza kumsaidia msimamizi wa marefa kumfundisha mtu wake.

Kanuni hii haihusu kumdhuru mtoto, kumdhalilisha au kumgusa isivyofaa. Hayo yaripotiwe siku hiyo hiyo, kwa mashindano na kwa vyombo vya sheria.

12. Jiandikishe kuwa refa

NFHS ilieleza kwamba takriban watu 50,000 waliacha kuchezesha michezo ya shule kote Marekani baada ya msimu wa 2018-19. Ugonjwa wa korona ulichangia, lakini kutukanwa na makocha na wazazi ni sababu wanayoitaja wenyewe wanaoondoka. Mashindano yakikosa marefa, mtu mmoja anachezesha tangu asubuhi hadi jioni bila kupumzika, na mapambano ya saa kumi jioni anayaamua akiwa amechoka kabisa.

Watu wetu kwenye kazi hiyo bado ni wachache mno. Kama mwili wako ungali na nguvu za kupiga magoti na kuinuka, wasiliana na chama cha michezo cha shule za jimbo lako au USA Wrestling mwezi Septemba au Oktoba, kabla msimu haujaanza. Utapewa mafunzo ya sheria, utafanya mtihani, utachunguzwa rekodi yako, na utaanza na watoto wadogo chini ya refa mzoefu. Kazi ina malipo. Na kama wewe ni kocha ambaye kila wiki unaona marefa hawaoni vizuri, jina lako ndilo ningependa liwe la kwanza kwenye orodha hiyo.